TUMBAKU YA KALE NA TUMBAKU YA GHALANI

Baadhi ya wanachama wa Uvinza, Kasulu na Kibondo wamesikia kwamba Ulaya tumbaku ya kale hununuliwa kwa bei kubwa, nao wanauliza kwa nini wasiyaweke marobota yao wakangoja. Swali hili ni la haki na linastahili jibu.

Kinachotafutwa huko ni sigaa, yaani zile sigara nene zisokotwazo kwa majani matupu ya tumbaku, za aina zisizotengenezwa tena. Zenye sifa ni zile za Cuba zilizosokotwa kabla Marekani haijapiga marufuku biashara na nchi hiyo mwaka 1962, na zile za Davidoff za Cuba, zilizokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mnunuzi hulipia uchache wake, kisanduku chenye muhuri, na utunzaji katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70, mwaka baada ya mwaka. Wako wakusanyaji wasiozivuta kabisa, jambo la ajabu kidogo kwa mkulima.

Jani letu ni jingine. Hukaushwa kwa mvuke katika mabani kwa ajili ya sigara za kawaida. Hilo nalo huzeeshwa, ila baada ya kukaushwa upya kiwandani. Robota lililolala katika ghala la kijiji wakati wa mvua hunyonya maji, huota ukungu, na mdudu wa tumbaku hulitoboa. Mteuzi hulikataa, na deni la mbolea hubaki palepale.

Ndugu makatibu, marobota yaliyosalia yaorodheshwe na kufikishwa sokoni kabla msimu haujafungwa.