Tiketi ya treni: Bei ya chini ina masharti yake

WANAFUNZI Wakenya wanaoelekea Uingereza hushauriwa kukata tiketi za treni mapema ili kuokoa pesa. Ushauri huo ni mwema, ila haufai kila safari, hasa ile ya kwanza kutoka uwanja wa ndege.

Nauli za huko zina aina tatu kuu. Ya chini kabisa, kwa kawaida, ni Advance. Anayeinunua hufungwa na treni moja, kwa saa iliyoandikwa, na mara nyingi hutengewa kiti. Akiahirisha safari harejeshewi pesa. Anaweza tu kubadilisha siku au saa kabla ya treni kuondoka, kwa kulipa tofauti ya nauli na pengine ada.

Hapo ndipo penye mtego. Ndege ikichelewa, au foleni ya uhamiaji ikiwa ndefu, tiketi hiyo hupotea bure, na msafiri hulazimika kununua nyingine kwa bei ya siku hiyo. Aliye angani hana nafasi ya kuibadilisha.

Aina ya pili ni Off-Peak. Bei yake huwa juu kidogo, lakini humruhusu msafiri kupanda treni yoyote ya njia hiyo nje ya saa za msongamano. Isipotumika, pesa hurejeshwa baada ya kukatwa ada. Ya tatu, Anytime, haibani saa, nayo ndiyo ghali zaidi.

Baadhi ya manufaa hayategemei aina ya tiketi. Treni yenyewe ikichelewa, kampuni nyingi hulipa fidia kuanzia dakika 15, hata kwa mwenye Advance. Basi la mjini, kwa upande mwingine, halimo katika nauli. Hulipiwa zaidi kupitia PlusBus, ambayo haitumiki London.

Aidha, ipo kadi ya vijana wa miaka 16 hadi 25, iliyouzwa pauni 35 kwa mwaka tangu Machi 2025. Hupunguza nauli nyingi kwa thuluthi moja, hivyo hujilipa nauli zinapofika pauni 105. Wenye umri zaidi wanaosoma kutwa pia huipata.

Kwa hivyo, anayetua kwa mara ya kwanza heri achukue Off-Peak. Advance aiweke kwa safari za likizo, ambapo saa ya kuondoka i mikononi mwake.