Twende Kando Tupumzike

Somo: Marko 6:30-34

Asubuhi ya leo twataka kueleza jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni mapumziko ya mume na mke. Tutalieleza kwa safari tuliyoifanya sisi wenyewe, mchungaji na mkewe, kutoka Keringet mpaka pwani kwa pikipiki.

Keringet, kwa wasiopajua, ni nchi ya juu katika Kuresoi, kaunti ya Nakuru. Ni nchi ya majani chai, viazi na maziwa, na baridi yake si ya mchezo. Kazi haikomi. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri, chai huchumwa, na mchungaji huitwa kwenye mazishi, harusi na mikutano. Jumatatu moja tulikuwa jikoni tukinywa chai bila kusema neno. Mama akaweka kikombe chini, akasema, "Baba, mimi nitakufa bila kuiona bahari." Alikuwa amelisema mara nyingi katika miaka kumi na minane ya ndoa yetu, na kila mara jibu lilikuwa, "Mwaka ujao, Mama." Siku hiyo jibu hilo lilikataa kutoka kinywani.

Basi tukaondoka siku ile ile. Msidhani tulikwenda kama watu wasio na akili. Watoto tuliwaacha kwa nyanya yao, mzee wa kanisa tukampa habari, tairi na breki tukazikagua, na kila mmoja akavaa helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, kama sheria ya Kenya inavyoagiza. Toka Nakuru mpaka Nairobi ni kama kilomita 160, na toka Nairobi mpaka Mombasa ni kama 480. Hatukusafiri usiku, kwa kuwa barabara ile ni ya malori makubwa. Tulilala Emali, na kesho yake tukapita Mtito Andei na Voi, kati ya mbuga za Tsavo. Kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyozidi, hata tulipofika Mazeras sweta zetu zilikuwa mfukoni na jasho likitutiririka.

Jumatano alfajiri tulisimama ufuoni. Mama akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akacheka kama msichana. Kisha akanyamaza. Baada ya kitambo akasema, "Baba, miaka hii yote nimekuwa nikiisikia sauti yako kanisani tu."

Wapenzi, mchungaji huyu anenaye nanyi amewapatanisha waume na wake wengi. Asubuhi ile hakuwa na la kujibu, ila kuomba msamaha. Tuliketi mchangani mpaka jua likawa kali, tukazungumza mambo tuliyokuwa tumeyaweka akiba kwa miaka.

Mchana tulikwenda kulitazama kaburi la Rosine Krapf, upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society. Walifika Mombasa pamoja mwaka 1844, nasi Waanglikana wa Kenya twauhesabu mwaka huo kuwa mwanzo wetu. Lakini Julai ya mwaka ule ule Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hata hivyo hakurudi kwao. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianza kazi kule Rabai, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini pale kaburini tulikumbuka kwamba watu wale wawili hawakupewa "mwaka ujao". Sisi tulipewa kumi na minane, tukaitumia kuahirisha.

Sasa, Maandiko yafundisha nini? Kwanza, mapumziko yalianza kwa Bwana mwenyewe. Mitume waliporudi kutoka kazini, watu walikuwa wengi hata wasipate nafasi ya kula, naye akawaita waende kando wakapumzike. Hakungoja kazi iishe, kwa maana kazi ile haiishi.

Pili, Torati katika Kumbukumbu 24:5 ilimwachilia mume mpya asiende vitani wala asipewe kazi nyingine mwaka mzima, apate kumfurahisha mkewe. Tazameni, Mungu aliihesabu furaha ya mke kuwa wajibu wa mume, wala hakuiita anasa.

Tatu, kupumzika si kuikimbia kazi. Umati uliwatangulia mitume hata kule nyikani, na Yesu akawahurumia, akawafundisha. Huenda pumziko lao lilikuwa safari ya mashua tu. Basi hata pumziko dogo lina thamani. Nasi tuliporudi Ijumaa jioni, tumechoka na kujaa vumbi, mzee mmoja alituuliza, "Mchungaji, ulikuwa umetutoroka?" Tukamjibu, "La, mzee, tulikwenda kuziba ufa." Akacheka, maana anajua kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Jumapili tulikuwa madhabahuni kama kawaida.

Hatuwaambii kila mtu apande pikipiki aende Mombasa. Nauli ni ghali, na si kila mwili waweza mwendo huo. Lakini hakuna aliye maskini hata asiweze kutembea na mwenzake mpaka mtoni jioni, bila simu na bila watoto, akamwuliza, "U hali gani moyoni?" kisha akangoja jibu. Ewe mume unayesikiliza, kuna neno ambalo mkeo amelisema mara nyingi nawe ukajibu "mwaka ujao". Ewe mke, vivyo hivyo. Mlikumbuke neno hilo leo, kabla jua halijazama.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewahurumia mitume wako waliochoka, uzihurumie nyumba zetu. Utusamehe tuliowahudumia walio mbali tukawasahau walio karibu. Utufundishe kuzihesabu siku zetu, na kuzitumia pamoja kwa upendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.