Kismayu: Kwa nini daftari la mnunuzi wa vitu vilivyotumika lina uzito kwa wavuvi wa Kibajuni

Tuchukulie kwamba injini ya boti imeng'olewa usiku katika kisiwa cha Koyama. Siku chache baadaye inauzwa mjini Kismayu kwa mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika, naye anamuuzia mvuvi mwingine aliyedunduliza fedha zake kwa muda mrefu. Siku moja mwenye injini anaiona ufukweni na kuitambua. Hapo wanabaki watu watatu wakivutana: aliyeibiwa, aliyenunua kwa nia njema na mfanyabiashara aliyekuwa kati yao. Mwizi hayupo, wala hakuna anayelijua jina lake.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini maswali yake ni ya kweli katika kila bandari. Kitu kilichotumika kinapouzwa au kuwekwa rehani, nani anapaswa kuandika, aandike nini, na maandishi hayo yasomwe na nani?

Nani hupoteza pasipo maandishi?

Kwa rai ya wanazuoni wengi wa sheria ya Kiislamu, mali ya wizi hubaki kuwa ya mwenyewe hata ikiuzwa mara kadhaa. Mwenyewe akithibitisha kuwa ni yake, hurejeshewa. Mnunuzi naye humrudia aliyemuuzia na kudai fedha zake. Katika mfano wetu, mvuvi wa pili atamdai mfanyabiashara, na mfanyabiashara atabaki akimdai mtu asiyejua jina lake wala alikotoka.

Hapo ndipo ilipo siri ya daftari. Ni rahisi mwenye duka kuliona kuwa ni jicho la serikali ndani ya biashara yake, ilhali mtu wa kwanza anayelindwa nalo ni yeye mwenyewe. Linamwonyesha wa kumdai, na pia linamtenga na wezi. Nchini Kenya, ambako bidhaa za pwani hii huweza kufika kwa njia ya bahari, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhukumu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 14. Mnunuzi aliyeandika jina la muuzaji, bei na tarehe ana cha kuonyesha mbele ya hakimu. Asiyeandika ana maneno yake tu.

Katika rehani, hatari hugeuka upande wa pili. Anayeacha mkufu wa dhahabu kwa sonara ili apate mkopo ndiye mnyonge. Bila stakabadhi inayotaja uzito wa dhahabu, kiasi cha mkopo na siku ya kukomboa, hana njia ya kuthibitisha kwamba alichorudishiwa ndicho alichokiacha.

Jambo hili si geni kwa jamii ya Waislamu wa pwani. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe na liwe na mashahidi. Aya inayofuata inaruhusu rehani ya kukabidhiwa mkononi kwa walio safarini wasiompata mwandishi. Nao wahenga wa Kiswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria za daftari hudai nini?

Kismayu ilitawaliwa na Waingereza hadi mwaka 1925, ilipokabidhiwa kwa Italia pamoja na eneo la Jubaland. Mataifa yote mawili yalikuwa na sheria za aina hii nyumbani kwao.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1872 ilimlazimu mpokea rehani kutunza vitabu na kumpa mteja hati, na ikampa mteja mwaka mmoja na siku saba za kukomboa mali yake. Nchini Italia, sheria ya usalama wa umma ya mwaka 1931 iliwataka wauzaji wa vitu vilivyotumika na vya thamani kuwa na rejista yenye utambulisho wa kila waliyefanya naye biashara. Aliyenunua vitu vya thamani alizuiwa kuvibadili umbo au kuviuza kabla ya siku kumi kupita.

Siku hizo kumi zina maana kubwa. Dhahabu ikishayeyushwa haina tena mwenyewe; injini ikishafunguliwa na kuuzwa vipuri haitambuliki. Muda wa kusubiri humpa aliyeibiwa nafasi ya kutafuta kabla ushahidi haujatoweka.

Kwa nini Wabajuni?

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, visiwa vya Wabajuni, vikiwemo Chula, Chovai, Ngumi na Koyama, vilivamiwa na wanamgambo. Nyumba na boti ziliporwa, na watu wengi wakakimbilia Kenya kwa njia ya bahari. Jamii ndogo isiyo na jeshi la ukoo ilipoteza vyombo vyake vya kazi pamoja na uwezo wa kuvidai.

Mvuvi asiye na hati ya boti yake hutegemea ushahidi wa majirani. Majirani wakitawanyika, ushahidi nao hutawanyika. Kwa mtu wa namna hiyo, mstari mmoja katika daftari la duka huweza kuwa maandishi pekee duniani yanayoonyesha kwamba chombo fulani kilinunuliwa naye kwa fedha zake.

Hata hivyo, daftari likitungwa vibaya huweza kumdhuru yule yule linayekusudia kumlinda. Kanuni ikidai kitambulisho cha taifa peke yake, maskini atafukuzwa sokoni, kwani Somalia ilizindua mfumo wake mpya wa vitambulisho mwaka 2023 tu. Muuzaji asiye nacho angeweza kutambulishwa na mdhamini anayejulikana, pamoja na namba yake ya simu. Kuandika ukoo hakusaidii kukitambua kitu kilichoibwa, bali kunaweza kumweka mtu hatarini. Sheria ya kulinda taarifa binafsi, ambayo Somalia ilipitisha mwaka huo huo wa 2023, inatoa msingi wa kudai kwamba kisichohitajika kisiandikwe.

Funzo kutoka Kenya

Kenya ilipitisha sheria ya vyuma chakavu mwaka 2015, ikiwataka wafanyabiashara wawe na leseni na watunze kumbukumbu za manunuzi yao. Lakini Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukumbwa na giza, Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku biashara yote. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi Mei mwaka huo, chini ya masharti mapya ya leseni.

Kwa miezi hiyo, mwokota vyuma mwaminifu aliadhibiwa sawa na mwizi. Sheria ya daftari ikibaki kwenye karatasi, serikali haiwezi kumtenganisha mwema na mwovu, na hujikuta ikifunga soko zima.

Nani atasimamia?

Katiba ya mpito ya Somalia ya mwaka 2012 iliipa serikali kuu mambo manne: mambo ya nje, ulinzi wa taifa, uraia na uhamiaji, na sera ya fedha. Mgawanyo wa mamlaka mengine uliachwa kwa mazungumzo na majimbo. Mazungumzo hayo yamekuwa magumu kwa Jubaland, iliyositisha uhusiano wake na Mogadishu mnamo Novemba 2024. Mwezi uliofuata majeshi ya pande hizo mbili yakapigana Ras Kamboni, kusini mwa visiwa.

Hivyo, hatua iliyo karibu zaidi ni ya mji na soko lenyewe: leseni ya duka iambatane na daftari, na daftari likaguliwe pale tu panapokuwa na malalamiko ya wizi, mbele ya wazee au hakimu.

Mwenye mali naye ana wajibu wake. Injini ya boti huwa na namba yake kwenye kibati kilicho karibu na mahali inapofungwa. Simu huonyesha namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15 ukibonyeza *#06#. Namba hizo ziandikwe leo na zihifadhiwe kwa ndugu aliye nchi kavu, maana daftari la dukani halimsaidii mtu asiyejua anatafuta namba gani.