Kubadili Springi za Motokaa Nyumbani



Zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa kwetu kwa miguu. Mpagazi aliyejitwika mzigo kichwani aliweka kwanza kata, ili uzito usimwumize. Motokaa nayo ina kata yake, ndiyo springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujibana, na walio ndani hawarushwi sana.

Likizo iliyopita baba yangu mdogo alinunua springi fupi, apate kulishusha gari lake dogo kama magari ya mashindano. Kazi hiyo tuliifanya nyumbani. Napenda kuwaeleza jinsi ifanywavyo, maana nusura inigharimu mkono.

Kwanza, gari husimamishwa mahali palipo sawa na pagumu. Magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe. Nati za gurudumu la mbele hulegezwa kidogo gari lingali chini, kisha gari huinuliwa kwa jeki. Hapo ndipo tulipokosea. Uwanja wetu ni wa mchanga, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nilipoinama kuchomoa gurudumu, jeki ilizama upande mmoja, gari likaanguka. Bahati njema baba mdogo alikuwa amelaza tairi la akiba chini ya ubavu wa gari, nalo likalipokea. Siku hiyo nilisadiki kwamba jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Tuliweka ubao mpana chini ya jeki, tukaazima stendi za chuma kwa fundi jirani, tukaziweka juu ya mbao, ndipo tukaendelea.

Pili, gurudumu likiisha kutolewa, mpira wa breki huondolewa katika kishikio chake pasipo kuufungua. Bolti za chini na nati za juu hufunguliwa, na shokapu hutoka pamoja na springi yake. Sasa jihadharini! Springi hiyo imebanwa, nayo ina nguvu ya kumwua mtu. Msifungue kamwe nati ya katikati kabla ya kuibana springi kwa vibano viwili vinavyoelekeana, mkikaza huku kidogo na huku kidogo, mpaka ilegee katika kikalio chake, yaani sahani ya chuma inayoishikilia. Springi mpya nayo hubanwa, huingizwa, na ncha yake hukalishwa barabara. Kisha kila kitu hurudishwa kama kilivyokuwa, na upande wa pili hufanywa vivyo hivyo. Mwisho fundi hupima mwelekeo wa magurudumu, kwani gari likishuka magurudumu hubadili mlalo, na tairi huliwa upande mmoja.

Wako wanaokata springi kwa msumeno ili wasinunue nyingine. Hiyo ni hatari. Iliyokatwa haikai vema, na gurudumu likining'inia shimoni yaweza kuchomoka.

Je, springi fupi zafaa? Kwenye lami, gari haliinami sana katika kona. Lakini tukumbuke kanuni aliyoichapisha Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: springi hufupika kwa kadiri ya uzito. Kama kilo 20 huifupisha sentimita 1, kilo 40 huifupisha sentimita 2. Gari lililoshushwa limebakiwa na nafasi ndogo ya kushuka, kwa hiyo springi zake hufanywa ngumu, na kila tuta huonekana mgongoni. Wiki ya pili, katika njia ya kwetu, jiwe lilitoboa sampo, oili yote ikamwagika. Baba mdogo alirudisha springi za zamani, wala hakuona haya.

Basi, mwenye gari na aitazame kwanza njia yake, ndipo achague springi. Nawe, ndugu yangu, kabla hujapeleka mkono chini ya gari, tazama limesimama juu ya nini.