Kesi ya Manjano na Kesi ya Mwarobaini

Muhula uliopita Chama cha Sayansi cha shule yetu kilipatana kwamba kila mwanachama aendapo likizo aandike habari za miti mitano ya dawa inayotumika kwao: jina la mti, sehemu itumikayo, namna ya kuitengeneza, na ugonjwa unaotibiwa. Mimi nilikwenda kwa bibi yangu, ambaye majirani humwendea kwa dawa za vidonda na za matumbo ya watoto. Nikamwamkia, nikaketi, nikatoa daftari na simu niliyoazimwa na mjomba. Miti minne alinitajia bila taabu. Nilipotaka kuipiga picha mizizi ya mti wa tano akaifunika kwa upande wa kanga, akasema, "Mjukuu wangu, mpaka leo wote waijuao dawa hii nawajua kwa majina. Ukiitia humo, nitawajuaje?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, naye akanielekeza kwenye habari za India. Nilizisoma kwa hamu, maana ni habari za vitu viwili vilivyomo majumbani mwetu, manjano ya jikoni na mwarobaini wa uani.

Kwanza yafaa tujue maana ya hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala wasiuze alichovumbua, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20. Sharti kubwa ni kwamba jambo lenyewe liwe jipya. Lakini upya huo hupimwaje? Mkaguzi wa hataza hukaa ofisini mwake akapekua vitabu, majarida na hati zilizotangulia. Asipoliona jambo hilo humo, huweza kuliona ni jipya, hata kama bibi vizee milioni wanalijua.

Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1995. Ofisi ya Hataza ya Marekani ilikipa kitengo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi hataza juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Wahindi wamepaka manjano kwenye vidonda tangu kale, na hata kwetu pwani si jambo la ajabu. Lakini sheria ya Marekani ya wakati ule ilikuwa na neno moja gumu: matumizi ya nchi za nje hayakuhesabiwa isipokuwa yameandikwa na kuchapishwa. Ushahidi wa mdomo kutoka kijiji cha India haukufaa kitu. Kifungu hicho kilibadilika mwaka 2013 tu.

Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India, liitwalo kwa kifupi CSIR, lilipinga mwaka 1996. Likakusanya maandishi 32, mengine ya Kisanskriti, ya Kiurdu na ya Kihindi, mengine yana umri zaidi ya miaka mia, pamoja na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 madai ya ile hataza yakakataliwa. Angalieni kilichoshinda hapo. Haikuwa dawa, maana dawa ilikuwa ile ile, bali karatasi.

Kesi ya mwarobaini ilichukua miaka mingi zaidi. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza juu ya njia ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mbegu za mwarobaini. Mwaka uliofuata wakatokea wapinzani, miongoni mwao Vandana Shiva wa India. Huku Ulaya sheria ilikuwa nyingine: matumizi ya mahali popote duniani yalihesabiwa, mradi yawe ya wazi na yathibitishwe. Basi mfanyabiashara mmoja Mhindi alikwenda Munich, akaeleza kwamba kampuni yake ilikuwa ikitengeneza dawa kama hiyo kabla hataza haijaombwa. Mwaka 2000 ikafutwa. Wenyewe wakakata rufani, nayo ikatupwa mwezi wa Machi 2005. Hesabuni wenyewe, miaka kumi ya mawakili kwa ajili ya mti mmoja! (Sisemi kwamba mwarobaini huponya magonjwa arobaini kama jina lake lidaivyo, na mafuta ya mbegu zake yamepata kudhuru watoto wachanga walionyweshwa. Nasema habari za haki tu.)

Wahindi waliona kwamba hawawezi kwenda mahakamani kwa kila mzizi. Mwaka 2001 wakaanza kujenga kanzidata, yaani ghala la maandishi ndani ya kompyuta, iitwayo Maktaba ya Kidijitali ya Elimu ya Jadi, au TKDL. Wataalamu walivichukua vitabu vya tiba za Ayurveda, Unani na Siddha, vilivyoandikwa kwa Kisanskriti, Kiarabu, Kiajemi, Kiurdu na Kitamil. Kila dawa wakaichambua: mmea gani, sehemu gani, huchanganywa na nini, hutibu nini. Kila kipande wakakipa alama yake. Kwa alama hizo kompyuta huweza kuitoa dawa ile ile kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania au Kijapani, hata mkaguzi asiyejua herufi moja ya Kisanskriti akaielewa.

Kisha wakatia kufuli. Tangu mwaka 2009, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikiwa ya kwanza, wakaguzi walipewa ruhusa ya kuingia kwa mkataba: watafute kwa kazi ya ukaguzi tu, wasimwonyeshe mtu mwingine, ila wakimkatalia mwombaji waweze kumpa ukurasa unaohusu ombi lake. Mwaka 2022 serikali ya India ikaamua kwamba na watu wengine, kama watafiti na kampuni, waweze kufunguliwa mlango kwa masharti na malipo. Wako wanaolisifu jambo hilo kwa kuwa litaleta dawa mpya. Mimi nina wasiwasi nalo, maana kufuli lililofunguliwa kwa mmoja ni rahisi kufunguliwa kwa wa pili.

Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu la Bibi: tuandike kila kitu kama Wahindi. Lakini mwalimu alinionyesha tofauti ambayo sikuiona. Dawa za TKDL zilikuwa zimekwisha andikwa vitabuni, nyingine tangu karne nyingi. Siri haikuwapo, ila wakaguzi hawakuweza kuzisoma. Dawa ya Bibi haimo katika kitabu chochote. Kwa hiyo Mhindi alipoandika katika kompyuta alikuwa akilinda kitu kilicho wazi, nami nikiandika nitakuwa nikifungua kitu kilichofungwa. Kwetu sisi lazima kufuli litangulie daftari.

Sasa kufuli lenyewe ni nini? Wengi wetu twadhani ni neno la siri la kufungulia kompyuta. Hilo ni sehemu ndogo. Maandishi yapaswa kugeuzwa kuwa mafumbo, hata mwizi akiiba kompyuta asiyasome bila ufunguo. Mashine iandike kila aliyeingia, saa aliyoingia na alichokitazama. Nakala ya pili iwe mahali pengine, maana moto na mchwa nao ni wezi. Tena majina ya wagonjwa yatengwe na habari za ugonjwa: katika karatasi ya utafiti aandikwe kwa namba, na orodha ya kulinganisha namba na majina ikae kabati jingine. Hili la mwisho si la hiari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu zimo ndani ya sheria hizo.

Jambo lililonishtua zaidi ni picha. Simu nyingi, zisipozuiwa, huandika ndani ya picha yenyewe mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya setilaiti, hata ukampeleka mtu mpaka shinani. Bibi aliifunika mizizi asijue habari hizo, lakini alifanya lililo sawa. Uko mti wa milimani ambao wataalamu huuita Prunus africana. Magome yake yalipotakiwa Ulaya kwa dawa ya tezi dume, miti mingi ya Afrika ilichunwa mpaka ikafa, na tangu mwaka 1995 biashara yake baina ya nchi na nchi imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Mti haufi kwa kujulikana jina. Hufa kwa kujulikana mahali.

Kuna na habari za matumaini. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda elimu ya jadi, inayotaka wenye elimu hiyo waridhie kabla haijatumiwa. Na tarehe 24 Mei 2024 mataifa yalipatana mjini Geneva juu ya mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aseme mmea aliotumia umetoka nchi gani, na kama ametumia elimu ya wenyeji, ni wenyeji gani waliompa. Sharti liliwekwa kwamba nchi 15 ziuridhie kwanza ndipo uanze kufanya kazi.

Basi katika mkutano wa chama tulibadili mpango wetu. Daftari la kwanza litakuwa la miti inayojulikana na kila mtu, kama mwarobaini na mlonge. Hilo litakaa maktaba, kila mtu alisome, na tarehe ziandikwe wazi, kwa kuwa kesi ya manjano ilishinda kwa tarehe. Daftari la pili ni la dawa za mtu au za ukoo. Humo hatutaandika neno mpaka mwenyewe asomewe masharti kwa lugha anayoielewa na kukubali, na akitaka kulifuta neno lake lifutwe. Picha zitapigwa baada ya kuzima vipimo vya mahali.

Nilimpigia Bibi simu nikamsomea masharti yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ufunguo wa daftari la pili utashikwa na nani. Nikamwambia utashikwa na mwalimu pamoja na katibu wa chama. Akauliza katibu ni mtoto wa nani. Nikamtajia. Akasema atafikiri.