Mfupa Kuunga Si Mkono Kupona

Aliyevunjika kifundo cha mkono na kuwekewa chuma huingojea kwa hamu picha ya eksirei ya wiki ya sita. Daktari akisema mfupa umeunga, nyumbani hushukuriwa Mungu na safari za kliniki hukoma. Hapo ndipo wengi hupoteza mkono uliokwisha kuokolewa. Picha ile huonyesha mfupa tu. Haionyeshi kano zilizonata kwenye kovu, kiungo kilichokakamaa, wala misuli iliyonywea kwa kukosa kazi. Kano za vidole hazina budi kuteleza, na zikinata, mfupa ulionyooka haumwezeshi mtu kufunga kifungo wala kukamua nguo. Nguvu ya kushika huendelea kurudi kwa mwaka mzima, pengine zaidi. Na kama mshipa wa fahamu nao ulikatika ukashonwa, huota takriban milimita 1 kwa siku, hivyo safari ya kutoka kiwikoni hadi kiganjani huchukua karibu mwaka.

Wapo wanaosema kiungo kinachouma kiachwe kipumzike. Kweli, kano iliyoshonwa ikivutwa kwa nguvu mapema huweza kukatika, na kifupa cha kifundo kilicho upande wa kidole gumba hupata damu kwa shida, kwa hiyo huchelewa kuunga. Lakini hiyo ni sababu ya kumuuliza daktari mipaka, si ya kuuacha mkono umefungwa shingoni miezi. Chuma huwekwa ili mfupa utulie na viungo vianze kazi mapema. Vidole visivyoumia, kiwiko na bega huchezeshwa tangu siku za mwanzo. Hatari iko pia upande wa pili: kiwiko kilichoumia kikikandwa na kuvutwa kwa nguvu, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli.

Wengine watasema mazoezi ni ya wenye nauli. Gharama ni kikwazo cha kweli, ila tafiti kadhaa za waliowekewa chuma kifundoni zimeonyesha kuwa aliyefundishwa vizuri akafanya mwenyewe nyumbani hakuachwa nyuma na aliyesimamiwa kliniki. Kinachohitajika ni maelekezo, beseni la maji ya uvuguvugu, taulo la kukunja, na dakika chache mara kadhaa kila siku. Maumivu yanayotulia baada ya zoezi yavumilie. Yakizidi, au ukiona uvimbe, ganzi au usaha, rudi hospitali haraka. Na siku utakapoambiwa mfupa umeunga, usiondoke kabla hujauliza: sasa nifanye mazoezi gani, na kwa muda gani?