Panga Neno Kabla ya Kulitangaza

Sisi wanafunzi wa Mulanda twafundishwa kuandika insha nzuri. Lakini kesho mmoja wetu atakuwa karani, mwingine mwalimu, mwingine katibu wa chama cha ushirika, na watu watatenda kwa kufuata maneno yake. Hapo mpango wa maneno una faida kuliko uzuri wake.

Tuchukue mfano wa karibu. Mama mmoja ataka kuvusha magunia ya maharagwe Busia, kwenda Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa wafanya biashara wadogo. Bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa hati nyepesi ya asili, wala hazitozwi ushuru wa forodha. Asiyejua hayo huogopa ofisi, akapita njia ya panya, na huko aweza kupoteza mali yake yote.

Basi, ukiambiwa uwaandikie watu kama huyo tangazo, utaanzaje?

Kwanza, mjue msomaji wako. Wilayani Tororo husemwa Dhopadhola, Kiteso na lugha nyingine. Kiswahili chepesi kitavuka mpaka, lakini asiyejua kusoma hana budi kusomewa sokoni kwa lugha yake.

Pili, chagua jambo moja unalotaka atende. Ukiandika, "Wote wazingatie taratibu zilizowekwa," hukusema kitu. Andika, "Omba hati ya asili kwa afisa wa forodha."

Tatu, fuata mpango wa safari yake. Katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, maafisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja, na msafiri humaliza mambo ya kutoka na ya kuingia katika upande wa nchi aiendeayo. Kwa hiyo taja kwanza karatasi za kutayarisha nyumbani, kisha mahali pa kusimama, mwisho maswali atakayoulizwa.

Nne, usiahidi kisichokuwapo. Ushuru wa forodha kuondolewa si kusema hakuna malipo yo yote. Huenda kodi nyingine zikadaiwa, na mazao huhitaji kibali cha afya ya mimea. Mama akifika bila fedha wala kibali, atarudi na magunia yake, na tangazo lako la pili hataliamini.

Tano, lijaribu. Mpe mtu mmoja alisome, kisha akueleze atakavyofanya. Akieleza vingine, usimcheke. Rudi ukarekebishe maneno yako.

Wazee husema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na neno lililobandikwa ukutani huwakwaza wengi kwa siku moja.